Jetoni ya Mpwa Wangu

Nina dada wanne, na dada hao wamenipa wapwa kumi na tisa. Wote kumi na tisa wanaijua njia ya banda langu la kuku kuliko wanavyoijua ya kanisa au ya msikiti. Mgeni akiona mtu mzima anaingia uani kwangu, anakamata kuku, anamfunga miguu na kuondoka naye huku mimi nimekaa barazani namtazama, atadhani ninaibiwa. Siibiwi. Kwetu Wabangubangu mpwa ana haki katika mali ya mjomba wake. Haombi wala hashukuru, na mjomba hakasiriki. Akikasirika, ni kwa mzaha: anamwambia mpwa wake ana mikono ya mwizi, na mpwa anajibu kwamba mikono hiyo aliitoa kwa wajomba. Watu wanacheka, kuku anakwenda.

Naeleza mambo ya kuku mapema kwa sababu kosa nililolifanya halieleweki bila hayo.

Mimi ni seremala. Nilizaliwa upande wa Wamaza, nikaja mjini Kasongo nikiwa kijana, nikatengeneza milango na vitanda vya karibu nusu ya mtaa wetu mpaka mgongo ukakataa. Ndipo nilipouza mbao zangu zote na randa zangu mbili, nikanunua paneli nane za jua, betri nne kubwa, na konvertisa, lile sanduku linalougeuza umeme wa betri ufae kuingia kwenye priza. Paneli nilizipigilia juu ya karakana yangu, hapa nyumbani. Meza yangu ndefu ya kazi niliitoboa matundu, nikaweka priza ishirini na nne. Mlangoni niliandika kwa rangi nyeupe kwamba hapa tunachaji simu. Umeme wa nyaya, kuran kama tunavyoiita, kwetu ni habari tunayosimuliwa na wanaotoka Lubumbashi, kwa hiyo watu walikuja.

Walikuja, na fujo ikaja nao. Mtu anaacha simu yake imejaa tangu saa nne asubuhi, priza imekaliwa, mwenyewe yuko sokoni anabishana bei ya samaki. Mwingine anachomoa simu ya mwenzake, anaweka yake, anatazama pembeni kama aliyeingia kusali. Mwingine anapokea simu isiyo yake na kuzungumza na mke wa mtu mpaka salio la yule mama linakwisha. Mimi hasira zangu ziko karibu, na mke wangu anasema zinalala mlangoni. Wiki ya tatu nilifunga mlango siku nzima, nikatunga masharti.

Nilikata vipande ishirini na vinne vya mbao ngumu, kila kimoja urefu wa kidole, nikachoma namba juu yake kwa msumari wa moto. Tukaviita jetoni. Ukilipa, unapewa jetoni. Ukiwa na jetoni, priza yenye namba hiyo ni yako mpaka simu yako ijae, na hakuna wa kuigusa, hata awe mkubwa wa teritware, yaani wa wilaya. Ikijaa naichomoa mimi mwenyewe na kuitia katika sanduku lenye kufuli. Mwenye msiba anapita mbele ya wote na halipi, maana simu ya kilio haingoji. Siku ya mawingu bei haipandi. Kinachopungua ni idadi ya watu, na wa kwanza kulipa ndio wanaobaki. Na asiye na jetoni hana priza.

Hilo sharti la mwisho ndilo nililojivunia kuliko yote. Niliwahi kumrudisha nyumbani katekista wetu kwa sharti hilo, na Jumapili tukasalimiana vizuri tu.

Sasa huyo mpwa. Ni binti wa dada yangu mkubwa, yule aliyeolewa katika familia ya Waislamu wa mjini, watu wa maduka tangu babu zao. Ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo tangu alipokuwa mchanga namwita Mama, naye amekua akinijibu kwa ukali wa mama. Polio ilimkamata mguu wa kulia akiwa na miaka mitatu. Alitembea kwa mikongojo, kisha akapata baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Akaolewa, akazaa watoto wawili, akauza mafuta ya mawese. Lakini ile baiskeli ilikuwa nzito, na kwenye mchanga au kwenye kilima cha misheni ilikuwa lazima mtu asukume.

Siku moja aliniambia kwamba anayelipwa kusukuma si mbaya, maana unamwambia simama, anasimama. Mbaya ni yule wa bure. Anakusukuma huku anasalimiana na watu, anasimama kununua karanga, anakuacha juani na kwenda kumwona shangazi yake, na wewe huwezi kusema neno kwa sababu anakusaidia. Alisema hayo bila kulalamika, akikaanga ndizi. Nilimsikia vizuri kabisa. Ndiyo maana sina udhuru.

Yeye na mdogo wake wa Lubumbashi walichanga miaka mingi, wakanunua trisikle ya umeme, yenye magurudumu matatu, kiti mbele na sanduku la mizigo nyuma. Ilikuja kwa treni, ikaja kwa lori, ikavuka mto Lualaba ikiwa vipande. Mimi ndiye niliyeiunganisha. Kwa wiki nzima nilikaza boliti, naye amekaa juu ya kigoda akiniambia ni boliti ipi nimeisahau. Siku tuliyoiwasha haikutoa sauti yoyote, na majirani waliokuja kusikia injini walidhani imeharibika. Alipanda kilima cha misheni peke yake. Watu walitoka nje ya nyumba zao kumwangalia. Yeye hakumwangalia mtu. Aliporudi alizima.

"Mujomba," akasema, "leo hakuna mutu aligusa mugongo yangu."

Baada ya mwezi alipata kazi. Tajiri mmoja wa unga na sukari alimpa mizigo ya kupeleka kutoka depo ya chini hadi maduka ya juu, kila Jumanne na kila Ijumaa. Pikipiki inabeba magunia mawili kwa mashaka. Trisikle inabeba manane. Tajiri aliweka sharti moja: akikosa mara mbili, kazi inarudi kwa wamotari, wale vijana wa pikipiki. Mara ya kwanza alikosa mapema, tairi lilipasuka na hapakuwa na la kubadilisha mji mzima. Ikabaki moja. Alinieleza mwenyewe, mbele ya meza yangu, na tangu hapo kila Jumatatu na kila Alhamisi asubuhi alifika kuchaji kabla sijafungua mlango.

Siku ya kwanza kabisa alitoa noti, akaziweka mezani.

"Mujomba, kamata. Unipe jetoni."

"Rudisha franga yako mu mufuko."

"Hii kitu inakula kuran mingi. Haiko sawa na simu."

"Mama, unataka watu waseme nini? Kwamba nauzisha mupwa wangu kuran? Kesho utanilipia kuku?"

"Kuku ni kuku," akasema.

"Na kuran ni ya mujomba wako. Chomeka, uache kunisumbua."

Alizitazama zile noti, akazirudisha mfukoni, akachomeka. Mara ya pili alijaribu tena. Mara ya tatu alinitumia mumewe, nikamfukuza kwa kicheko. Baada ya hapo hakusema tena. Na mimi nilifurahi, lazima niseme ukweli. Nilipenda watu wa foleni waone. Nilipenda kusema kwa sauti, wengine wakinihesabia noti zao, "Huyu ni mupwa, huyu halipi." Nilijiona mjomba wa kweli. Wenye simu walitabasamu, na mimi nikadhani wanatabasamu kwa kunisifu.

Jetoni sikumpa, maana jetoni ni ya aliyelipa. Haikunijia hata mara moja kwamba hilo ni tatizo.

Basi ikaja Alhamisi moja ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi anga ilikuwa nyeupe kila upande, jua halionekani liko wapi. Siku ya namna hiyo paneli nane zinatoa umeme wa paneli mbili. Niliwaita watu nikawaambia priza kumi tu zitafanya kazi, na kumi wa kwanza wenye jetoni ndio watakaochaji. Walinung'unika, lakini sharti walilijua. Mpwa wangu alikuwa amefika kabla yao wote, trisikle yake imechomekwa nje, chini ya dari, kwenye waya niliouvuta maalumu kwa ajili yake.

Saa tano hivi konvertisa yangu ilianza kulia. Konvertisa ikishindwa hutoa mlio mwembamba, na kila mtu aliyekaa pale aliijua maana yake. Nikasema wa namba tisa na namba kumi wangoje kidogo. Wa namba kumi alikuwa mtu wa bafle, yale maspika makubwa ya kukodisha kwenye harusi. Alikuwa na harusi kesho yake. Mtu mpole, mteja wangu tangu siku za mwanzo, hajawahi kupandisha sauti.

"Papa," akaniuliza, "ile trisikle iko na jetoni namba ngapi?"

Watu waligeuka, wakaitazama trisikle, kisha wakanitazama mimi.

"Ule ni mupwa wangu," nikasema.

"Najua. Mi nauliza jetoni."

"Mupwa hapewi jetoni."

"Papa, desturi tunaiheshimu. Hata mi niko na mujomba. Lakini mujomba wangu ananipa kuku yake. Hanipi kuku ya majirani."

Hakuna aliyecheka. Mimi ambaye nimegombana na polisi wa barabara kuhusu ubao wa jeneza, nilisimama pale nikihesabu funguo zangu. Ningesema amelipa, ningekuwa mwongo, na watu kumi walikuwa wamenisikia kwa miezi nikijisifu kwamba halipi. Ningesema sharti halimhusu, basi sharti lisingemhusu mtu mwingine tena. Nilikuwa bado natafuta neno pale ambapo mpwa wangu mwenyewe aliinama kutoka kwenye kiti, akachomoa waya wa trisikle yake, akauviringa vizuri kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole gumba, akauweka ndani ya sanduku.

"Mama, ngoja," nikasema.

Aligeuza trisikle polepole, akipita kati ya watu waliokuwa wakimpisha zaidi ya ilivyohitajika, akaondoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliusikia mshindo huo mchana kutwa, huku nikichaji bafle.

Betri yake ilikuwa imefika nusu. Kulikuwa na nyumba nyingine ya kuchaji, ya jenereta, karibu na soko, lakini siku hiyo mwenyewe hakuwa na esansi, yaani petroli, ya kuiwasha. Hayo niliyajua baadaye. Ijumaa asubuhi alipakia magunia manane kama kawaida na kujaribu bahati yake. Trisikle ilipanda kilima cha misheni mpaka kwenye nusu, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Mke wangu ndiye aliyenisimulia, maana alikuwa anatoka sokoni na alikuwapo. Wamotari wawili waliziweka pikipiki zao kando. Wakaja pia akina mama wa sokoni, na watu waliokuwa wanatoka misheni. Walimsukuma mpaka juu, mpaka mlangoni pa duka la mwisho. Walimsukuma kwa upendo kabisa, wakiimba wimbo wa kuvuta mtumbwi. Mpwa wangu alikaa katikati ya wimbo huo, mikono kwenye usukani, akitazama mbele. Mke wangu alisema uso wake ulikuwa kama wa mtu anayezikwa huku anasikia.

Magunia yalifika yamechelewa kwa saa mbili nzima. Tajiri alimlipa kazi ya siku hiyo, akaihesabu kuwa mara ya pili, akamshukuru kwa heshima, na Jumanne iliyofuata mizigo ilibebwa na pikipiki.

Nilikwenda kwa yule tajiri kumwombea. Alinipa kiti na chai, akanieleza kwamba wateja wake hawali huruma, wanakula mkate. Sikuweza kumkasirikia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mpwa wangu hakuja tena kuchaji. Alirudi kwenye mawese yake, akiyabeba yake na ya wenzake kwa trisikle, na akawa anachaji kwenye ile nyumba ya jenereta, kwa bei ya juu kuliko ambayo mimi ningethubutu kuitaja. Nilipita pale siku moja, nikajifanya naelekea kwa muuza misumari. Trisikle ilikuwa imesimama mlangoni, na kwenye usukani kulikuwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi, imeandikwa namba. Nilirudi nyumbani bila misumari.

Lakini kilichoniumiza zaidi hakikuwa hicho. Ni kuku. Kabla ya ile Alhamisi hapakupita miezi miwili bila yeye kunichukulia kuku, na alikuwa na jicho. Hakuchukua wa hovyo. Sasa ulipita mwezi, ukapita wa pili. Alikuja mara moja kumwona mke wangu aliyekuwa na homa. Alikunywa maji, akasalimu, akapita mbele ya banda bila hata kugeuza shingo. Mpwa aliyekasirika anakamata kuku wawili. Mpwa asiyekamata kitu amekwisha kukuondoa kati ya wajomba zake. Kila Mbangubangu anajua hivyo bila kuambiwa.

"Kuku zako zinanona sana siku hizi," mke wangu aliniambia, akimaanisha alichomaanisha.

Nikafikiri kama seremala. Nilitafuta kipande cha mbao nyekundu nilichokuwa nimekitunza miaka, nikakikata jetoni moja kubwa kuliko nyingine, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaitoboa na kuitia kamba ya ngozi. Nikampelekea nyumbani kwake mchana. Alikuwa anachuja mafuta. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Haina namba," akasema.

"Ni yako peke yako. Utaingia nayo siku yoyote. Hata kama mawingu."

"Na wengine wakiuliza?"

"Utawaonyesha hiyo."

"Mujomba, watu wataona kama umeniandikia huruma mu ubao." Alinirudishia, si kwa hasira. "Bei ni ngapi?"

"Bei ya nini?"

"Ya kuchaji trisikle kwako."

"Mama, mi sina bei ya..."

"Ule wa jenereta iko na bei. Ni mbaya, lakini iko. Siku moja waya yake ilianguka, nilimufokea mbele ya watu wote, akaomba pardo. Wewe naweza kukufokea?" Aliendelea kuchuja. "Siku utajua bei, nitakuja."

Niliondoka na jetoni yangu nyekundu mfukoni. Njiani nilikuwa na hasira naye, kisha nikawa na hasira na yule mtu wa bafle, kisha na polio, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimebaki mimi mwenyewe. Wahenga walisema rahisi ghali. Bure niliyompa mpwa wangu ilimgharimu kazi yake, na bado nilikuwa nataka kumpa nyingine, yenye kamba ya ngozi.

Basi kazi ikawa kutafuta bei. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Nina kipimo kidogo kinachoonyesha umeme unaotoka, na tangu zamani nilikuwa nimeona trisikle moja ikijaa imekula kama simu arobaini au zaidi. Nikazidisha bei ya simu moja mara arobaini, nikapata fedha ambazo mtu angeweza kununulia mbuzi mdogo. Nikajua hiyo si bei, ni matusi. Hapo ndipo nilipofahamu kitu ambacho nilikuwa nimekifanyia kazi miaka mitatu bila kukijua: mwenye simu hanilipi umeme. Umeme wa simu ni kidogo sana. Ananilipa meza, ananilipa kufuli la sanduku, ananilipa macho yangu yasiyosinzia mchana. Trisikle haihitaji sanduku wala macho, inahitaji umeme mtupu. Kwa hiyo bei ya simu haikuweza kuizaa bei ya trisikle, hata ningezidisha vipi.

Ni mke wangu aliyenitoa humo. Alikuwa anachambua majani ya muhogo na hakuinua kichwa.

"Pikipiki ikipanda kile kilima siku nzima, inakunywa esansi ya ngapi?"

Nilikwenda kuwauliza wamotari. Waliniambia, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Nikachukua wastani wa uongo wao, nikagawa kwa mbili, maana jua silinunui chupani, lakini betri zangu zinazeeka. Nikapata franga elfu tatu. Niliiangalia usiku, nikaiangalia asubuhi, bado ilikuwa elfu tatu. Nikatoboa ukuta wa nje, nikaweka priza ya ishirini na tano chini ya dari, nikakata jetoni ya ishirini na tano kwa mbao ileile ya zile nyingine, ukubwa uleule, na kuichoma namba. Kisha nikachukua rangi nyeupe nikaandika kwenye ubao wa bei mlangoni, chini ya bei ya simu na ya redio, kwamba trisikle au pikipiki ya umeme ni elfu tatu, na ina foleni yake kama vitu vyote.

Watu wa foleni waliusoma wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Papa," mmoja akauliza, "Kasongo muzima trisikle ya kuran ziko ngapi?"

"Moja," nikasema.

Mtu wa bafle naye alikuwapo. Yeye hakucheka. Aliusoma ubao wote, kuanzia juu, kisha akaniambia mwandiko wangu mbaya.

Sikumwita mpwa wangu. Mji wetu si mkubwa, na ubao wa kuchekesha unatembea kuliko mtu. Zilipita siku nne. Siku ya tano, Jumatatu, nilipofungua mlango alikuwa nje, mbele yake wamesimama watu wawili waliomtangulia. Alingoja zamu yake. Nilimhudumia wa kwanza, nikamhudumia wa pili, mikono yangu ikifanya haraka bila sababu. Zamu yake ilipofika aliweka elfu tatu mezani, noti zimenyooshwa.

Nilizitazama. Nasema kweli, niliona aibu. Babu yangu angefufuka akaniona nikipokea noti kutoka kwa mtoto wa dada yangu, angerudi kaburini kwa hiari yake. Mkono wangu ulikawia juu ya meza, na yeye aliuona, akangoja tu. Nikazichukua. Nikazihesabu, kama ninavyozihesabu za wengine. Nikampa jetoni ya ishirini na tano.

"Waya ya nje iko na vumbi," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hapa munalipisha watu elfu tatu na hamupanguse priza?"

"Pardo, Mama," nikasema, nikachukua kitambaa.

Mawingu yalikuja kidogo saa tano. Nikawapunguza watu wa simu, wakanung'unika kama kawaida yao. Wawili waliiangalia trisikle, wakaiona jetoni imening'inia kwenye usukani, wakageuka wakaendelea na mazungumzo yao. Hakuna aliyeuliza kitu. Yeye alikaa kwenye benchi kati ya wengine akila karanga, akisubiri chombo chake kijae kama mtu yeyote anayesubiri alicholipia.

Saa nane betri ilijaa. Alirudisha jetoni, akatoka kwa mikongojo yake, nami nikaitundika kwenye msumari wake, nikainama kutafuta funguo za sanduku la simu. Nilikuwa bado nimeinama niliposikia kelele uani, mbawa na vumbi, kisha kimya. Nilipotoka, trisikle ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea barabarani. Ndani ya sanduku la mizigo alikuwa amelala jogoo wangu mwekundu, yule ambaye niliwahi kumnyima hata mchungaji, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge, akiwa hai, maana nyumba ya mume wake ni ya Waislamu, kuku anachinjwa kwa mkono wao wenyewe.

"Mwizi, we," nikamwambia.

"Mikono nilitoa kwenu," akasema, akaondoka.

Nilisimama mlangoni na elfu tatu zake mkononi, nikamtazama anavyopanda kilima peke yake, jogoo akitoa kichwa nje ya sanduku. Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Mke wangu alitoka jikoni na bakuli la mahindi ya kuku, akaangaza macho uani.

"Jogoo iko wapi?"

"Imeibiwa."

"Na nani?"

"Na mupwa."

"Mungu asifiwe," akasema, na kuwamwagia waliobaki mahindi yao.